Kuagiza Waini Melini Bila Kuumia

Vijana wangu, siku hizi geti langu likilia asubuhi najua ni mmoja wenu, ameshika bahasha ya vyeti, amesikia kwamba mzee Wesley aliwahi kufanya kazi ya meli. Karibuni. Chai ipo. Lakini niwaambie mapema kwamba mnamwuliza mtu asiyefaa. Mimi nikifika Litein tu, mji wa jirani, naanza kukumbuka nyumbani. Mke wangu husema yeye ndiye aliyenioa, maana kati yetu wawili mimi ndiye nisiyetoka boma. Na mtu wa namna hii ndiye aliyepelekwa baharini mwanzoni mwa miaka ya tisini, kuuza waini kwa watu ambao wangeweza kununua meli yenyewe.

Habari ninayotaka kuwapa hasa ni ya Chebet, msichana wa Mogogosiek aliyekuwa na kichwa cha kazi hii kunishinda mbali, na ambaye karibu aikose kwa sababu baba yake alisema hapana. Lakini Chebet alijifunza kwangu, nami nilijifunza kwa kuaibika, kwa hivyo itabidi tuanze na aibu. Msiniharakishe.

Nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja hapa Kericho, zile za zamani zenye nyasi iliyokatwa vizuri na majani chai pande zote mpaka macho yanachoka na kijani. Wageni wetu walikuwa mameneja wa mashamba, watalii wanaopita, na mwisho wa mwezi walimu, ambao waliagiza soda na kukaa nayo mpaka giza. Waini tulikuwa nayo nyekundu na nyeupe. Mgeni akiuliza ipi nzuri, tulijibu zote. Kampuni ya meli ilipotuma mtu kutoka Mombasa kutafuta wahudumu, nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne na meno yote. Nyinyi leo mnaombwa diploma. Poleni.

Wiki ya kwanza melini, mzee mmoja na mkewe waliagiza chupa ya waini nyekundu ya miaka mingi. Walikuwa wanasherehekea ndoa yao. Nikaileta, nikawaonyesha jina lake, mzee akaitikia kwa kichwa. Sasa, mimi nimezaliwa katika nyumba ambayo mama alimimina mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kila siku, na mtoto yeyote wa hapa anajua: kibuyu kikikaa, maziwa mazito yanapanda juu, maji yanabaki chini, na ukimimina hivyo hivyo umemtukana mgeni. Unakitikisa kwanza. Unakitikisa kwa mikono miwili, ukimwangalia mgeni usoni. Basi nikaitikisa ile chupa. Nikaitikisa vizuri, juu chini, juu chini, kwa heshima yote niliyolelewa nayo.

Yule mzee aliniangalia kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua polepole.

"Kijana," akasema, "hiyo ni dawa ya kikohozi?"

Kumbe waini iliyozeeka huwa na machicha chini ya chupa. Inabebwa kama mtoto aliyelala, inamiminwa taratibu ili machicha yabaki yalipo. Mimi nilikuwa nimeyaamsha yote. Mkuu wa waini, Mgoa wa Mombasa aliyeitwa Baptista, alikuja akaichukua ile chupa mkononi mwangu, akaomba radhi, akawaletea nyingine, kisha akanivuta nyuma ya mlango wa jikoni.

"Kwenu mnakunywa nini?"

"Maziwa, bwana."

"Na maziwa yanatikiswa?"

"Yakiwa kwa kibuyu, ndiyo."

Baptista alikaa juu ya kreti akacheka mpaka akavua miwani. Nikajua nimefutwa, na moyoni nilishaanza kuhesabu stesheni za kurudi. Lakini akasema, "Sikufukuzi. Mtu anayetikisa chupa kwa sababu hana adabu, huyo simtaki. Wewe umetikisa kwa sababu ya adabu, ila ni adabu ya kinywaji kingine. Hiyo inafundishika."

Akanifundisha. Na kwa kuwa wengine wenu mtakuwa abiria siku moja, msikize na nyinyi, si wale wa trei peke yao.

Kitu cha kwanza alichonionyesha ni jinsi watu wanavyoona haya. Mtu akiwa na mkewe au na wageni, anafungua orodha ya waini, anaona ile ya bei ya chini kabisa, anaogopa kuonekana bahili, anaagiza inayoifuata. Ofisi ya meli inajua hivyo kabla yeye hajapanda ngazi. Pale pa pili kutoka chini ndipo inapowekwa chupa iliyonunuliwa rahisi na kupandishwa bei sana. Ile ya chini kabisa, aliyoiogopa, mara nyingi ina ladha ileile au inaishinda. Baptista alikuwa akisema abiria hawalipii waini, wanalipia uso wao.

Kama una haya, na sote tunazo, kuna njia. Fungua orodha, mwite mhudumu, weka kidole chako juu ya bei unayoiweza, kisha sema, "Natafuta kitu kama hiki." Usitaje bei. Mhudumu aliyefundishwa ataona kidole. Mgeni wako atadhani mnazungumza habari za zabibu. Mimi mwenyewe hutumia njia hii nikienda kununua viatu.

Halafu glasi. Waini ya glasi inatoka katika chupa iliyofunguliwa, na hujui ilifunguliwa lini. Uliza. Hakuna ubaya kuuliza, kama vile unavyomwuliza mama mboga sukuma imekatwa lini. Lakini kama mko wawili na mnajua mtaongeza, nunua chupa. Msipoimaliza, mhudumu anairudishia kizibo, anaandika namba ya chumba chenu, anaiweka, na kesho jioni inawasubiri mezani. Watu wengi walikuwa hawajui jambo hili. Walikuwa wanaimaliza kwa lazima, halafu wanailaumu bahari kwa kuyumba.

Na usikimbilie jina kubwa. Miaka ile waini za Afrika Kusini zilikuwa ndio zimeanza kuruhusiwa tena kuja huku kwetu, hakuna aliyezijua, zikawa zinalala chini ya orodha kama yatima. Baptista alikuwa anampa mtu glasi bila kumwambia imetoka wapi. Mtu anasifu, anataja nchi ya Ulaya, Baptista anaitikia "ndiyo bwana" na kumwandikia ya Cape. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

La mwisho, safari ikikaribia kwisha, mwulize mhudumu, "Ni gani mnataka iishe?" Daima kuna chupa ambazo orodha mpya haitakuwa nazo, na hakuna anayetaka kuzibeba kurudi stoo.

Sasa mtauliza nilijuaje ladha, mimi niliyetoka nyumba ya kanisa. Kila alasiri kabla ya chakula tulipanga glasi, tukavuta kidogo mdomoni kwa sauti, tukazungusha, tukatema kwenye ndoo. Nilifanya hivyo safari nzima na sikuwahi kulewa. Nililewa na mawimbi tu, na hayo yalikuwa bure.

Mkataba ulipokwisha wenzangu waliomba waongezewe. Mimi niliomba tiketi. Nilikuwa nimechoka na mvua isiyo na kelele. Baharini mvua inanyesha juu ya maji, hakuna bati, unalalaje? Nilirudi Kericho, na alasiri ya kwanza mvua ya mawe ilipiga paa la nyumba yangu mpaka hatukusikizana, nikasema asante Mungu. Mke wangu akasema mahindi yameisha. Nikasema tena asante Mungu, kwa sauti ya chini.

Hoteli ilinirudisha na kunipa waini zote nizitunze, na kufikia hapo orodha yetu ilikuwa imekua. Ndipo Chebet akaletwa kwangu, ametoka tu shule, mwembamba, maswali mengi.

"Mzee, na hii ya jina refu tunaitamka aje?"

"Onyesha kwa kidole, uendelee."

"Na mgeni akiitamka vizuri kuliko mimi?"

"Basi mshukuru kwa kukufundisha."

Alinicheka sana yule. Aliniita Mzee na sikuwa nimefika arobaini. Lakini nilipomwonjesha, niliweka glasi yangu chini. Mimi nilikuwa nasema hii tamu, hii kali. Yeye alisema, "Hii inanuka kama ghala la mahindi mvua ikianza. Hii ni kama ngozi ya plamu." Na alikuwa anatema vizuri, kwa mstari mmoja, bila kulowesha kidevu. Mimi nilikuwa nalowesha tai.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini, ile kampuni ya meli ikanitumia ujumbe: tunataka mtu mmoja wa waini, na kama wewe hutoki, tutafutie. Nikamtaja Chebet. Wakamtuma mama mmoja wa ofisi yao, Mswahili wa Mombasa mwenye macho makali, aje amjaribu. Akakaa kwenye meza yetu ya dirishani, akajifanya abiria tajiri, mbele yake orodha ya waini ya melini na chupa chache alizokuja nazo.

"Binti, niletee ile ya bei ya juu kuliko zote. Nina wageni."

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo. Najua mhudumu wa kawaida angekimbia kuileta, maana tipu inafuata bei. Chebet akauliza, "Mnakula nini, mama?"

"Samaki."

"Hiyo ya bei ya juu ni nzito, itamfunika samaki. Kuna hii hapa chini." Akaweka kalamu juu ya ukurasa, hakutaja bei. "Onja kwanza. Ukiona si nzuri, nitaleta ile nyingine."

Yule mama akaonja. Akaweka glasi chini.

"Wewe umepoteza faida ya kampuni sasa hivi. Kwa nini?"

"Mna siku nyingi kwa meli," Chebet akasema. "Ukiumia leo, kesho utaagiza maji. Afadhali urudi kwangu kila jioni."

Yule mama hakucheka, lakini alifunga orodha na kuuliza kama Chebet ana pasipoti. Nafasi ilikuwa yake. Ilibaki kusafiri.

Ndipo mzee Joel akasema hapana.

Mzee Joel, baba yake, alikuwa na shamba dogo la chai huko Mogogosiek, ng'ombe wawili wa maziwa, na alikuwa mzee wa kanisa. Nilienda kumwona na Chebet siku ya mapumziko. Tulikaribishwa, tukapewa chai, tukaombewa, na baada ya amina akasema, "Mimi sikuzaa mtoto wa baa."

"Si baa, Baba Chebet," nikasema. "Ni meza ya chakula, kitambaa cheupe."

"Divai iko ama haiko?"

"Iko."

"Basi ni baa yenye kitambaa."

Mkewe alitazama chini ili asicheke. Lakini mzee hakuwa anatania. Alikuwa na ndugu mdogo, fundi mzuri wa mbao, ambaye pombe ya chang'aa ilimmaliza huku wote wakitazama. Alimzika mwenyewe. Akaniuliza, "Wesley, mtu anauzaje kitu bila kukionja? Na akianza kukionja, ni nani atamwambia sasa wacha?"

"Tunatema, Baba."

"Mnatema." Alisema hivyo kama mtu anayerudisha chenji ya bandia.

Tulipotoka, Chebet alitembea mbele yangu kati ya mistari ya chai. Pale barabarani akasimama. "Mzee, usinitafutie maneno mengine. Mimi ni mtu mzima, ningeweza kupanda basi kesho. Lakini siendi nikiwa nimepewa mgongo na baba. Waambie watafute mtu mwingine."

Sikuwaambia. Nilikuwa na shemeji, Philip, ndugu ya mke wangu, aliyefanya kazi katika chumba cha kuonjea chai kwenye kiwanda kimoja cha upande huo huo wa Mogogosiek. Nikamwomba aombe ruhusa ya wageni. Halafu nikamwambia mzee Joel kwamba kuna nafasi ya kuona majani yake yanavyopimwa ladha, na hapo hakukataa. Maisha yake yote alikuwa amepeleka majani kwenye kituo cha kununulia, akayaona yakipimwa kilo na kupakiwa kwenye lori. Baada ya lori hakujua kitu.

Alikuja na koti lake la Jumapili. Chebet alikuja nyuma yake akiwa na blauzi nyeupe ya kazi, maana alikuwa anaingia zamu baadaye. Philip alikuwa amepanga vikombe vyeupe mezani, mstari mrefu, chai ya rangi tupu, na mbele ya kila kikombe majani yake yaliyopikwa.

"Maziwa iko wapi?" mzee Joel akauliza.

"Hapa tunaonja turungi, Baba. Maziwa yanaficha makosa."

Philip akachukua kijiko, akavuta chai kwa sauti kama gurudumu likichomoka kwenye tope. Mzee Joel akaruka kidogo. Philip akazungusha mdomoni, akainamia chombo kirefu kilicho kando yake, akatema. Akaenda kikombe cha pili, akavuta, akatema.

"Ngoja," mzee Joel akasema. "Unatema chai?"

"Natema, Baba."

"Hii chai nimeichuma na mvua ya mawe ikinipiga kichwani. Unaitema?"

Nilimwona Chebet akifunga macho. Mimi nilikuwa natafuta mlango. Lakini Philip si mtu wa haraka. Akaweka kijiko chini.

"Baba, asubuhi moja naonja vikombe kujaza meza hii, halafu meza ingine. Nikimeza vyote, kufikia saa nne mikono inatetemeka, ulimi umekufa, sijui yako ni gani na ya jirani ni gani. Natema ndio niiheshimu ile inayofuata."

Mzee alivisogelea vile vikombe. Akaomba kijiko. Akavuta, bila sauti, kama mtu aliyelelewa vizuri, akameza. Kikombe cha pili, akameza. Philip akamwonyesha chombo. Mzee akatikisa kichwa. "Nashindwa. Koo inaivuta yenyewe."

"Ndiyo inavyoanza, Baba," nikasema. "Ni kazi ya kujifunza, kama ya kushika mdomo."

Hapo Chebet akasogea mezani. Hakuna aliyemwambia. Akachukua kijiko kingine, akavuta kwa sauti kubwa mbele ya baba yake, na nina hakika hajawahi kufanya hivyo nyumbani kwao. Akazungusha. Akatema, mstari mmoja. Akaenda cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne akarudi nyuma.

"Hii majani yalikaa kwa jua kabla ya kuchukuliwa," akasema.

Philip akaitikia kwa kichwa. Mzee Joel alichukua kikombe hicho, akakinusa kwa muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Hii ni siku ya mazishi. Majani yalingoja watu watoke makaburini." Sijui kama yalikuwa yake au ya nani, lakini mtu wa chai anajua harufu hiyo.

Akamtazama binti yake.

"Na huko kwa meli mnafanya hivi?"

"Hivi hivi, Baba."

"Kila siku?"

"Kila alasiri, kabla wageni hawajaingia."

"Na ulimi wako, hauombi kumeza?"

Chebet alifikiri kwanza, na nilimpenda kwa hilo, kwamba hakujibu haraka. "Unaomba," akasema. "Nauambia bado kuna vikombe."

Mzee Joel alisimama pale na koti lake la Jumapili. Kisha akachukua kijiko, akakijaza, akaweka chai mdomoni. Hakumeza. Tulingoja. Mashavu yake yalikuwa yamevimba kidogo, na Philip akasukuma kile chombo kirefu karibu naye. Mzee akakizunguka. Akamwendea Chebet, akasimama mbele yake, na akampulizia ile chai kifuani, matone madogo madogo, taratibu, mara moja kulia na mara moja kushoto.

Nyinyi wadogo labda hamjaona. Wazee wetu walifanya hivyo kwa maziwa, mtu akienda safari ya mbali, ili njia imkubali. Watu wa kanisa la mzee Joel walikuwa wameyaacha mambo hayo zamani, na yeye ndiye aliyewahimiza wayaache. Philip alivua kofia yake ya kazi.

Chebet hakujifuta. Blauzi yake ilikuwa na madoa ya chai mabegani na kifuani, na aliivaa hivyo kwenye zamu yake siku hiyo, na tena siku aliyopanda basi la kwenda Mombasa.

Baba yake alipangusa midomo kwa kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Akamgeukia Philip.

"Sasa," akasema, "nipeni ile yenye maziwa. Hiyo nameza."